Kivuli cha Sindano Namba Saba

Thelma Codd alishona magauni ya maharusi miaka thelathini kabla hajagusa bawa la ndege, na hakuona tofauti kubwa, ila gauni likifumuka bibi harusi haanguki kutoka mawinguni. Mwaka wa kumi na tisa sasa, kila Jumatano alikuja kwenye banda la ndege za kale pale Lincolnshire, Uingereza, akafunga aproni yake na kushona kitani juu ya mbavu za mbao za mabawa. Hakuna aliyelipwa humo. Wote walikuwa wastaafu wa kujitolea, na chai ya saa nne waliiheshimu kuliko ibada.

Macho yake ndiyo yalikuwa yameanza kumgomea. Roy, mkuu wa karakana, alishamdokezea ahamie duka la zawadi la wageni wa banda, akauze kadi za posta.

“Kule kuna joto, Thelma.”

“Hata jeneza lina joto, Roy.”

Sheria ya banda ilikuwa moja: kila kifaa kina kivuli chake kilichochorwa ubaoni, na hakuna anayekwenda nyumbani mpaka vivuli vyote vifunikwe. Jumatano ile, miezi miwili kabla ya ndege kuruka kwenye maonyesho, kivuli kimoja kilibaki wazi. Kilikuwa cha sindano ndefu namba saba, sindano ya Thelma.

Walipekua sakafu, ndoo za taka, hata kopo la biskuti. Kila mtu aliepa kulitazama bawa la kushoto, ambalo Thelma alilishona majira yote ya baridi na kulifunga mchana huohuo. Kutafuta humo ni kuchana kitani chote cha upande wa chini, na maonyesho kwaheri.

Thelma akasema anakwenda kuangalia kwenye gari. Huko, katika kopo lake la nyuzi, alikuwa na sindano nyingine, pacha wa ile. Namba ilikuwa imeandikwa ubaoni tu, si kwenye sindano. Akiitundika, wote watapumua, naye atabaki na Jumatano zake. Alikaa nayo mkononi, akiogopa duka lile la zawadi kama mtoto anavyoogopa daktari wa meno.

Aliporudi, aliiweka mezani mbele ya Roy.

“Hii ni ya kwangu. Nilitaka kuwadanganya nayo. Yenu imo ndani ya bawa, nipeni mkasi.”

“Thelma, na maonyesho je?” akauliza Desmond, fundi wa injini.

“Maonyesho yapo kila mwaka. Rubani tunaye Hugh peke yake.”

Alichana mwenyewe, machozi yakimtoka bila kuyaficha. Kwenye ubavu wa nne waliiona, imelala kando ya kebo ya usukani, karibu kabisa na kigurudumu kinachoiongoza, mahali ambapo ingeweza kuukwamisha usukani angani. Desmond alitukana polepole.

Thelma akavua aproni, akaikunja vizuri. “Haya. Funguo za duka ziko wapi?”

Roy alitundika sindano kwenye kivuli chake, akahakikisha imekaa, kisha akamrudishia aproni.

“Hugh hapandi ndege kabla hajaniuliza nani ameishona,” alisema. “Safari hii nimtajie nani?”

Thelma alihangaika na kamba za aproni mpaka zikakubali kufungika.

“Mwambie ni yule kipofu,” alisema. “Na wewe lete taa, tuanze.”