Mwaka Nilipoposwa na Timu ya Kikapu

Mwishoni mwa 2017, nilipokuwa nimemaliza gredi ya kumi, kocha wa chuo kimoja cha upande wa kaskazini mwa jiji alimpigia mama simu. Wakiita chuo hapa Johannesburg, usidhani ni chuo kikuu. Mara nyingi ni sekondari tu, ila ina ada kubwa na majani yaliyokatwa vizuri. Kocha akasema ananitaka msimu ujao. Nitasoma bure, nitavaa sare yao, nitachezea timu yao ya wasichana ya mpira wa kikapu.

Mama alikuwa kwenye cherehani yake pale Jules Street, pini zimemjaa mdomoni. Alizitoa moja moja ndipo akamjibu. Kiingereza chake ni cha dukani, lakini maana ilifika. Jioni aliturudia maneno yale kwa Kiswahili chake cha Bukavu: "Nikamuambia, mutoto habebwi kwa simu. Kuja na bazee yako."

Hakuwa anatania. Mwaka uliotangulia chuo hichohicho kilichukua wasichana wawili kutoka timu yetu, na kocha wetu alikuja kujua siku ya mechi, alipowaona wanapasha misuli upande wa pili wakiwa na jezi za watu. Alivua kofia akawapungia, akaivaa tena. Mama alikuwepo, na lile lilimkaa moyoni.

Kocha wetu ni Mrundi, kinyozi wa Yeoville. Alikuwa anakuja mazoezini na vinywele vya wateja kwenye kola, tunacheza kwenye uwanja wa saruji nyuma ya kanisa huko Bertrams, karibu na stediamu kubwa. Msimu ule tulimaliza tukiwa sita, na mmoja alikuwa anahamia Cape Town na wazazi wake. Watabaki watano, wanaotosha kuanza mechi na hakuna wa kukaa benchi. Nikitoka mimi watabaki wanne, na wanne si timu. Na ligi ya vijana haimruhusu mtu kuchezea pande mbili.

Sasa niseme ukweli: nilitaka kwenda. Niliwahi kucheza kwenye ukumbi wao mara moja. Sakafu ya mbao, mpira ukiudunda unarudi mkononi palepale ulipoutegemea. Kwetu saruji ina nyufa, mpira ukigonga ufa unakwenda kusalimia majirani. Nilitaka ile sakafu, nilitaka maktaba yao, nilitaka hata lile basi lao lenye viti vya kitambaa. Ila sikumwambia mtu. Mimi si msemaji. Nyumbani nikiulizwa nile wali au ugali, najibu "chochote," halafu naenda kuandika kwenye daftari kwamba nilitaka wali.

Kocha wa chuo ni Mzulu, na kwa Wazulu mambo ya kwenda kuomba binti, lobola yao, hayachezewi. Mwingine angekata simu. Yeye aliuliza tu, "Jumamosi saa ngapi, mama?"

Jumamosi akaja na mjomba wake, mzee wa suti na kofia yenye unyoya pembeni. Hawakuingia. Kwa desturi yao wanasimama nje ya geti na kuita ukoo wa mwenye nyumba kwa majina ya sifa. Sasa ukoo wetu wa Bukavu mzee ataujulia wapi? Akatunga palepale: "Enyi watu wa geti la bluu! Enyi washonaji! Enyi mnaoanika mashuka hata mawingu yakiwa meusi!"

Msemaji wa nyumba yetu siku ile alikuwa jirani, mama mmoja wa Tanga anayeuza vyombo Jules Street, na miaka yake ya sokoni imempa Kizulu cha kutosha kugombana. Alitoka barazani taratibu, kanga begani.

"Nani anatupigia kelele?"

"Ni sisi, mama. Tumekuja kuomba."

"Maji? Bomba liko pale kona."

"Tumesikia humu ndani kuna mtoto mrefu."

"Warefu ni wengi. Ile pale nguzo ya umeme, ichukueni."

Sisi wachezaji wote tulikuwa tumejibana kwenye chumba cha kulala, tunachungulia dirishani, tunacheka hadi tunaumwa mbavu. Halafu mvua ya Desemba ikaanza, ile ya saa kumi isiyobisha hodi. Mama akataka wafunguliwe.

"Waache waroe kidogo, dada," jirani akasema. "Mwaka jana walichukua bila kuroa hata unyayo."

Aliyekwenda kuwafungulia ni papa, ndivyo tunavyomwita baba, na mwavuli wake wa kazini. Papa analinda jengo moja mjini, na ukimya wangu nimeurithi kwake. Hakumwomba mtu ruhusa. Aliwaleta hadi ndani mmoja mmoja, yeye mwenyewe akiroa.

Kocha wetu alikuwa ameketi sebuleni tangu mapema, kofia mapajani. Mama ndiye aliyemwita. Alisema mzazi wa pili hakosi kwenye posa. Kocha wa chuo alipomwona alisita, halafu akamshika mkono kwa mikono miwili, akasema pole kwa ya mwaka jana. Jirani akakohoa: "Tutayafikia hayo."

Kwetu kuna mchezo wa kumficha binti. Analetwa mwingine amefunikwa kitenge, na waombaji lazima waseme kama ndiye. Mama alimfunika nahodha wetu, msichana mfupi na mpana, akamsukuma sebuleni.

Kocha wa chuo akamzunguka. "Hapana. Huyu namjua. Anakaba kama mlango wa benki, lakini hajawahi kuruka."

"Niruke kwa nini," sauti ikatoka ndani ya kitenge, "wachezaji wako wanakuja chini wenyewe."

Mjomba alicheka hadi kofia ikamteleza. Kisha nikaletwa mimi. Kitenge kilichomfunika nahodha mpaka vidole vya miguu, mimi kiliishia magotini. Hata hivyo kocha hakuangalia urefu, aliangalia mkono uliojitokeza. "Ndiye. Anafunga vidole viwili kwa plasta moja hata kama haviumi."

Nikafunuliwa. Chumba kizima kinanitazama, na mimi nikatazama zulia.

Jirani akajiweka sawa. "Binti, hawa wamekuja kukuomba ukachezee kwao. Umeridhia?"

Nilijaribu. Nikanyamaza, na jirani akaachia tabasamu. "Basi. Kwetu Tanga mwali akinyamaza, karidhia."

"Hapana, dada," mama akasema. "Kwetu akinyamaza, iko na shida. Lazima aseme yeye mwenyewe."

"Ataona haya."

"Aone haya, lakini aseme."

Jirani alipomtafsiria, mjomba akainua kidole. "Sisi kwetu binti hata hayupo chumbani. Mnanitia hofu."

Wakacheka, wakaanza kubishana desturi ya nani ni ya zamani zaidi, na mimi nikashukuru kimoyomoyo. Kama ukimya ungehesabika kuwa ndiyo, ningepata nilichotaka na nisingekuwa nimekisema. Jirani alishinda ubishi kwa sauti kubwa kuliko wote, akapiga vigelegele. Wenzangu mlangoni wakapiga makofi ya uvivu. Na hapo nikamwona kocha wetu anaivaa kofia yake. Alikuwa ananyanyuka, taratibu, na uso wake ulikuwa uleule wa siku alipowapungia wale wawili.

"Mahari bado," nikasema.

Sijui kama nilisema kwa nguvu. Vigelegele vilikatika katikati.

"Umesemaje?" mama akauliza.

"Nataka kwenda. Lakini mahari bado." Nikamgeukia kocha wa chuo, au tuseme nikageukia tai yake na vifungo vyake. "Kuna wasichana wawili wa benchi lenu, si wale waliotoka kwetu. Yule wa mkono wa kushoto, na rafiki yake wa miwani. Waje kwetu. Wamchezee kocha wetu."

Nilikuwa nimewaona kwenye mashindano ya mwezi wa nane. Nilikuwa nimeteguka kifundo, nikawekwa kwenye kiti karibu na benchi lao. Yule wa kushoto alikuwa anapasha misuli kila mechi kama ataanza yeye, anatupa mipira kutoka pembeni na mingi inaingia, halafu anavaa koti lake na kukaa mpaka mwisho. Hakuna anayeangalia benchi la watu. Mimi nilikuwa na nafasi ya kuangalia.

"Eish," kocha wa chuo akasema. "Hao ni wachezaji wangu, dada mdogo."

"Na huyu ni wa nani?" jirani akamuuliza, akininyooshea kidole. Alihamia upande wangu mara moja, kana kwamba wazo lilikuwa lake tangu asubuhi.

"Lakini kuwatoa wawili kwa mmoja..."

"Mwaka jana ulichukua wawili kwa sifuri."

Kocha wa chuo akainua mikono kukubali. Mjomba alikuwa anatikisa kichwa polepole. "Nimekwenda kuomba mabinti wengi katika maisha yangu," akasema. "Huyu ndiye wa kwanza anayejihesabia ng'ombe mwenyewe."

"Siku zote hasemi," mama akamwambia. "Leo ameanza. Mutamuweza?"

Kocha wetu alikuwa bado amesimama. Sasa akauliza, "Huyo wa kushoto, anaweza kupita upande wa kulia pia?"

"Polepole," kocha wa chuo akakiri.

"Polepole ni sawa. Ya haraka nitamfundisha mimi. Na wa miwani?"

"Anaona uwanja wote. Mbio ndizo hana."

"Anaona uwanja, na wewe unamkalisha?"

Akaketi tena, akasogeza kiti. Baada ya muda kidogo makocha wawili walikuwa wamepanga vikombe vya chai mezani, kikombe hiki mchezesha timu, kile mlinzi wa pembeni, na mjomba anateta kwamba kikombe chake kimechukuliwa na chai ikiwa ndani. Nikaulizwa tena kwa utaratibu, nikasema ndiyo, mara mbili, maana mara ya kwanza jirani alidai hakusikia.

Mama hakuwaacha waondoke hivihivi. Akasema wale wasichana nao wana kwao, nao hawatabebwa kwa simu. Kwa hiyo wiki iliyofuata ilikuwa zamu yetu kusimama nje ya geti. Kocha wetu alivaa suti yake ya harusi, jirani akachukua kanga mpya, nami nikabeba soda. Tulianza kwa bibi wa yule wa kushoto, huko Malvern. Bibi alitutazama kutoka dirishani, akafunga pazia, akaenda kumalizia vyombo vyake kwanza. Alipofungua alituuliza kama tunauza dini. Jirani alisema amekutana na wa saizi yake. Kabla ya jua kuzama tulikuwa tunakula kwake, na msichana mwenyewe alikuwa ameshaulizia mazoezi yanaanza lini. Kwa yule wa miwani hatukutukanwa hata kidogo. Mama yake alikubali tukiwa bado mlangoni, na jirani alirudi amenuna.

Kocha wetu alitupa hesabu yake ya msimu ujao ndani ya teksi. "Kombe hatuchukui," alisema. "Lakini mtu akichoka, kuna wa kuingia. Mimi huo kwangu ni utajiri."

Chuo kilikutana na timu yangu ya zamani mwezi wa tatu, Bertrams, kwenye saruji yenye nyufa. Mimi na jezi yangu mpya, kiti cha basi cha kitambaa nilikuwa nimeshakizoea. Kipindi cha pili yule wa kushoto alinijia na mpira. Nikamzibia upande wa kushoto kabisa, kama tulivyofundishwa. Akapita kulia. Haikuwa polepole. Nilipogeuka, mpira ulikuwa unatoka chini ya wavu.

Pembeni papa alikuwa amesimama, anapiga makofi, yeye ambaye hata kanisani hupiga kwa vidole viwili.

"Baba," jirani akamvuta shati, "mwanao ni huyo aliyepitwa."

"Najua," papa akasema, na hakuacha kupiga. "Wote wametokea sebuleni kwangu."