Siku Mama Alipoazima Viti

Saa tisa na dakika kumi alasiri, padri wa parokia na mhandisi mmoja wa kampuni ya migodi waliingia uani kwetu, mtaa wa Kikula. Ninyi mliokulia Likasi enzi zile, tulipoimba na kucheza mbele ya bendera kabla ya somo la hesabu, mtaukumbuka ule mpango. Parokia na kampuni zilichagua watoto wa familia zisizo na kitu, na kila mtoto akapewa mtu wa kumfundisha kila Jumamosi, nyumbani kwa mwalimu huyo, penye umeme na vitabu. Sisi ambao baba zetu hawakuwa wa kampuni hatukuwa na posho ya unga wala madaftari ya bure. Baba yangu alivunja mawe kwa kibarua kule Kakontwe. Niliitaka nafasi ile kuliko nilivyotaka nyama.

Lakini Mama aliposikia wageni wanakuja, alifanya kama mama yeyote wa Kikula. Aliazima viti vinne, kitambaa cha meza na redio. Mimi nilivishwa viatu vya mtoto wa jirani, vikanibana hadi nikatembea kama bata. Sombe, majani ya muhogo yenye mawese, ilinukia mpaka barabarani.

"Mama, hii viti ni ya nani?"

"Funga kinywa. Leo ni yetu."

Mhandisi alikaa, akala, akasifu mapishi. Akatazama redio, kisha viatu vyangu.

"Mama, kwenu muko muzuri," alisema kwa upole. "Shiye tunatafuta bale banakosa."

Mama akamwongezea sombe sahanini. Angewezaje kumwambia mgeni kwamba hata kiti alichokalia si chetu?

Wakavuka njia kwenda kwa rafiki yangu Kabwe. Mama yake alikuwa shambani. Walimkuta Kabwe kifua wazi, akila bukari baridi, ugali wetu, kwa chumvi, na wakamchagua palepale.

Kuanzia hapo, kila Jumamosi Kabwe alipita mbele yetu nywele zimechanwa, akarudi akinukia sabuni. Sisi tulikuwa vumbini na mpira wetu wa matambara.

"Minye nilikula mukate na margarini," alitutangazia. "Na weye?"

"Bukari."

"Kula ile viti yenu!"

Wote walicheka, na mimi nikacheka nisionekane nimeumia. Lakini mpira ulikuwa wangu, na sheria ilikuwa yangu: Kabwe hachezi mpaka anieleze alichofundishwa. Alinichorea sehemu na pembetatu mchangani, haraka haraka, akisahau nusu. Ile nusu niliitafuta kwenye kurasa za vitabu vikuukuu walizofungia karanga sokoni. Ndiyo shule yangu hiyo, yenye harufu ya karanga na chumvi.

Kabwe akawa mhandisi. Mimi hutengeneza mota za umeme, na husoma chochote kinachonifikia. Chakula sijakosa. Wivu pia sijaukosa.

Siku hizi parokia ina mpango kama ule, ikishirikiana na wafanyabiashara wa mji. Vijana wana ukumbi, kompyuta na simu mifukoni, na bado nawasikia wakilalamika kwamba intaneti inakwenda polepole. Sisi tulingoja mtu amalize karanga ili tusome ukurasa.

Jumamosi iliyopita niliitwa kutengeneza feni ya ukumbi huo. Vijana walikuwa wamekaa, vitabu vimefunguliwa, lakini mwalimu wao, binti wa miaka ishirini na kitu, hakuanza. Alisimama mlangoni akitazama njia.

"Tumungojee Ilunga kidogo."

Ilunga akafika bila haraka, nyaya za simu masikioni.

"Pardon, Madame. Nilikuwa nalala."

Akapiga miayo. Binti akamfungulia kitabu kwenye ukurasa wa siku ile.

Mengi nimejifundisha peke yangu, na siyaonei haya. Lakini hakuna mtu aliyewahi kusimama mlangoni akakataa kuanza kwa sababu mimi sijafika. Nilimtazama yule kijana mwenye usingizi na, kwa umri wangu huu, nikamwonea wivu kuliko nilivyowahi kumwonea Kabwe.