Nilivyomvua Mama Mkwe

Kabla ya kuoa nilikuwa boi kwa Mzungu mmoja mwenye shamba la chai huko Mufindi. Boi, na ndevu zangu kamili. Ilikuwa miaka ya hamsini, na wanaume wazima wengi tuliitwa hivyo.

Bwana yule alikuwa na maradhi ya samaki. Kila Jumamosi alivaa viatu vya mpira vinavyofika kiunoni, akaingia mtoni na fimbo ndefu yenye uzi. Mwisho wa uzi alifunga ndoano iliyovalishwa manyoya ya jogoo, eti samaki waone nzi. Alichapa maji kutwa nzima. Akimpata samaki alimpima kwa rula, akamrudisha majini, kisha akaja nyumbani kula samaki wa kopo. Nilimwandalia kwa uso mkavu, halafu nikaenda jikoni kucheka hadi machozi.

Nilipomsimulia mchumba wangu, hakuamini hata kidogo.

"Manyoya ya kuku yavue samaki? Nenda huko, mwongo we!"

Nikaapa kumletea mmoja. Ndivyo nilivyokuwa, mtu wa kuapa. Na ndoa yetu ilikuwa imeshatangazwa kanisani Jumapili mbili, ikabaki ya tatu, nafasi ya mwisho kwa mwenye pingamizi.

Jumamosi iliyofuata bwana alikwenda Iringa mjini. Gari lilipokata kona tu, nikaibeba fimbo. Nilijua vizuri kwamba kuigusa tu ni kufukuzwa kazi, lakini nani angeniona?

Maji yalikuwa baridi ya kung'oa meno. Nilikunja suruali, nikasimama juu ya mawe, nikafanya kama nilivyomwona bwana: unarusha uzi nyuma, unangoja ujinyooshe, ndipo unaurusha mbele. Baada ya saa nzima ya kujifunga kwa uzi kama mzigo, mkono ukakubali. Hee, nilijiona! Samaki mmoja aliponikwepa nilimtukana kwa Kiingereza kilekile cha bwana.

Za mwizi arobaini. Nilirusha uzi nyuma, ukakataa kurudi. Nikavuta. Nao ukanivuta. Nyuma yangu mtu akaguna.

Nikageuka. Alikuwa mama wa mchumba wangu, amesimama njiani na mzigo wa kuni kichwani, ndoano imenasa kaniki yake chini kidogo ya kiuno.

Kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani wala hawasemeshani. Wakikutana njiani, mmoja huingia porini. Nikageukia mto haraka, naye akageukia kichaka. Tukasimama tumepeana migongo, tumeunganishwa na uzi wa Mzungu. Kwenda kumnasua nisingeweza; kushika nguo ya mama mkwe ni aibu isiyofutika. Naye mikono yote ilikuwa juu, imeshika kuni.

"We jiwe," akaliambia jiwe la kando ya njia, "mwambie mwenye uzi, mimi si samaki."

"We mto," nikasema, "mwambie mama naomba radhi sana."

"We jiwe, mwambie kuni ni nzito."

Akaanza kwenda. Kigurudumu cha uzi kwenye fimbo kikalia krrr, uzi ukatoka na kutoka. Uzi ule ulitoka Ulaya kwa meli, na bwana hakuwa na mwingine. Nikiukata, nimekata kazi yangu. Nikiushikilia, kaniki itabaki mtoni na mama mkwe atafika nyumbani bila nguo. Nikatoa kisu, nikakata.

Hatua zake hazikusimama.

Jioni niliirudisha fimbo mahali pake. Bwana hangeigusa mpaka Jumamosi, kwa hiyo nilikuwa na wiki nzima ya kutafuta uongo mzuri.

Kesho yake kanisani mchungaji akasoma majina yetu mara ya tatu, akauliza kama kuna mwenye pingamizi. Mama mkwe akasimama. Mabenchi mawili mbele yangu alikaa nyapara wa shamba, mtu aliyempelekea bwana habari hata za nani kakohoa.

"Mchungaji, jana ndoano ilininasa nguo," mama akasema, macho yake madhabahuni. "Nataka kujua jambo moja tu. Uzi ule ulikatika wenyewe, au ulikatwa?"

Nyapara akageuza shingo yote. Neno moja dogo, "sijui", nami ningetoka salama mbele ya bwana. Lilikuwa tayari mdomoni.

"Ulikatwa, mchungaji," nikasema. "Kwa kisu changu."

"Ulikuwa uzi wa nani?" akauliza mchungaji.

"Wa bwana. Niliuchukua bila ruhusa."

Mama mkwe akajikalia taratibu.

"Basi," akamwambia mchungaji. "Waoane."

Jumatatu nilifukuzwa kazi. Jumamosi nikaoa.