Mahindi Yameota Ndani ya Ghala

Jamani, leo tumefungua ghala la kijiji tukakuta shamba.

Sitanii. Mahindi yameota humo humo kwenye magunia, mizizi imetokeza nje. Hicho ndicho kilichokuwa chakula chetu cha kiangazi, hapa Handeni.

Na bati lilitoboka tundu moja tu, hata kidole hakipiti!

Nililiona kabla ya masika. Nikapanda na lami yangu nilizibe. Mwenyekiti wa kijiji akanifokea kutoka chini: "Mzee Mhina, shuka! Ghala ni la ujamaa, si lako. Tutaliziba kwa msaragambo, watu wote pamoja."

Nikashuka.

Msaragambo ukaitwa wa kulima, ukaitwa wa barabara. Wa tundu haukuitwa.

Leo mkutanoni mama mmoja analia, hajui wanawe watakula nini. Mwenyekiti naye anatangaza msaragambo wa kujenga ghala jipya, kubwa zaidi!

Nikauliza, "Na hilo atalitunza nani?"

"Sote!" wakaitikia, na makofi wakapiga.



Sasa hivi mvua imeanza upya. Tundu liko palepale. Lami ninayo, ruhusa sina.