Redio ya Gari la Mzee Oakes

Desmond Tranter alikuwa fundi umeme wa magari ya zamani pale Smethwick, Uingereza, kwenye banda la matofali nyuma ya reli. Kwa miaka kumi na tisa nilikodi kwake nusu ya banda hilo kwa kazi yangu ya kupiga magari rangi. Kilichotutenganisha ni pazia la turubai tu, kwa hiyo nilimsikia akikohoa, akiimba bila kujua anaimba, akigombana na waya kama mtu anayegombana na mkwewe.

Watu walimletea magari hata kutoka Wales, kwa sababu ya jambo moja. Magari mengi ya Kiingereza ya enzi ile umeme wake umekaa kinyume na wa siku hizi. Upande wa chanya wa betri ndio uliofungwa kwenye bodi, na hasi ndiyo inayopita kwenye waya. Ukifunga chombo cha kisasa bila kuugeuza umeme huo kwanza, umekiunguza. Nusu ya mafundi wa mji walifundishwa hilo na Des. "Kabla hujagusa kitu, tazama betri," alikuwa akiwaambia. "Ukiona uvivu kuinua boneti, nenda ukauze maua."

Mwezi wa Mei alikuja Philippa Oakes, muuguzi anayezungukia wagonjwa majumbani, na Morris ya kijivu ya mwaka 1959. Ilikuwa ya baba yake, aliyeinunua mpya. Mzee alikuwa na miaka tisini na mmoja, macho yamekwisha, lakini kila Jumapili bintiye alimtoa matembezi kwa gari hilo hilo. Redio yake ilikuwa imenyamaza tangu miaka ya nyuma kabisa. Sasa Philippa alikuwa amenunua redio mpya iliyotengenezwa ifanane na za kale: uso wa kromu, vifundo viwili vya kuzungusha, mshale mwekundu unaotembea juu ya namba. Ndani ilikuwa ya kisasa tupu, hata muziki wa kwenye simu ilicheza.

"Baba hataki mengi, Bwana Tranter," alisema. "Anataka asikilize kriketi akiwa ameketi kwenye gari lake."

"Mwambie Jumamosi saa tano asubuhi ataisikiliza," Des akamjibu. "Timu ikifungwa asinilaumu mimi."

Niseme kweli hapa. Nilikuwa nimeona mambo. Alikuwa ameanza kuniita Harjit, jina la mtu aliyekodi sehemu yangu kabla yangu, na mimi ni Balwinder. Aliniuliza kama nimekunywa chai huku kikombe alichonipa bado kina joto mkononi mwangu. Droo zote za meza yake zilikuwa zimeota vikaratasi: SKRUBU, FYUZI, KOLEO. Nilijiambia ni uzee, na kwamba mtu wa miaka sitini na tisa ana haki ya kusahau. Ilikuwa rahisi kujiambia hivyo.

Alhamisi asubuhi akaifunga ile redio. Hakukata dashibodi hata kidogo. Vifundo vilikaa kwenye matundu yale yale ya kiwandani, na ungeapa vilizaliwa hapo. Nilipita nikamsifu, nikarudi kwenye rangi yangu. Baadaye kidogo nikasikia mlio mdogo, tik, wa fyuzi kukatika. Kimya. Halafu tena. Halafu mara ya tatu.

"Bal, una fyuzi?" akaita. "Hizi nilizonunua ni takataka."

"Sina. Ngoja nikimbie dukani, dakika kumi tu."

"Wacha. Nitafanya njia nyingine."

Fyuzi tatu kukatika mfululizo, kwa fundi kama yeye, ni sawa na mtu kumpigia kelele sikioni. Niliweka bunduki ya rangi chini nikavuka pazia. Nikamkuta ameizungushia fyuzi iliyokatika karatasi ya bati aliyofungia mkate wake, umeme upite bila kukatika tena. Ni mchezo ambao angemfukuzia mtu kazi. Kabla sijafungua mdomo, akazungusha swichi.

Moshi ulitoka kwanza kwenye redio, kisha chini ya dashibodi yote. Waya za magari yale zimevikwa kitambaa, na kitambaa cha miaka sitini kinashika moto kama nyasi kavu.

"Des, betri! Toa betri!"

Hakusogea. Alisimama amelitazama gari kama mtu anayesoma tangazo la lugha asiyoijua. Nikang'oa waya wa betri mwenyewe, nikachukua mtungi wa kuzimia moto, na ulipokwisha viti vyote vilikuwa vyeupe kwa unga.

"Gari hili lina nini?" akaniuliza.

"Uliugeuza umeme?"

"Kugeuza nini?"

Akainama chini ya usukani kuangalia hasara, mkono wake ukakuta kibati kilichoning'inia kwa waya. Akakifuta masizi. Kilikuwa kimeandikwa kwa msumari, herufi kubwa: CHANYA IKO KWENYE BODI. USISAHAU, MJINGA WEWE. D.T. 1987.

Alikisoma, akakisoma tena. Ni yeye aliyetengeneza umeme wa gari lile mwaka huo, akaacha onyo kwa fundi yeyote atakayekuja baada yake.

"Ni mwandiko wangu," alisema.

Akaketi juu ya ndoo. Alizungumza taratibu, macho yake kwenye sakafu. "Tangu Krismasi naandika kila kitu, Bal. Daftari moja jikoni, moja chooni, moja hili la mfukoni. Jina la mjukuu. Siku ya takataka. Njia ya kuja hapa. Hili sikuliandika. Hili nilidhani haliwezi kunitoka."

Nilitaka kumshika bega nikaona mikono yangu imejaa unga. Basi nikasimama tu.

Nilimsihi aniachie mimi nimwambie Philippa, akakataa. Jumamosi saa tano walikuja, mzee kavaa tai, kashika mkono wa bintiye. Des akawaeleza yote bila kujificha. Mzee Oakes akaomba asogezwe kwenye gari, akaingiza mkono dirishani, akaipapasa dashibodi iliyoungua kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Nani amefanya hivi?"

"Mimi, mzee. Tranter."

"Hapana. Tranter asingefanya hivi."

"Ni mimi."

"Namjua Tranter," mzee akasema. "Wewe ni nani?"

"Baba," Philippa akamwambia kwa upole, "ni yeye."

Mzee akatoa mkono, akaufuta vidole kimoja kimoja kwa leso. "Basi sina la kusema," akasema, na akaomba arudishwe nyumbani.

Glenys, mke wa Des, alimpeleka hospitali. Kufikia Agosti ugonjwa ulikuwa umepewa jina, na jina halikumsaidia. Vifaa viliuzwa. Siku ya kuvibeba alikaa mlangoni, akaomba aachiwe koleo moja. Nikamwachia, na wiki ile ile Glenys akalikuta ndani ya friji.

Morris tuliitengeneza mimi na fundi mmoja kutoka mji wa Dudley. Tuligeuza umeme, tukavuta waya mpya, tukafunga redio nyingine ya aina ile ile. Mzee Oakes aliisikiliza kriketi yake Jumapili tano, kisha akafariki mwishoni mwa Septemba.

Philippa hakuwa mtu wa kinyongo. Oktoba alikuja bandani na gari, akawa amemwambia Glenys amlete Des, wamtembeze kidogo. Tukamketisha mbele. Philippa akafungua redio, muziki ukatoka papo hapo. Uso wa Des ukachangamka. Akapitisha kidole juu ya kromu, akazungusha kifundo mbele na nyuma.

"Mnaitunza vizuri," akasema. "Hii ni ya asili."

"Ni mpya, Bwana Tranter. Imefananishwa tu."

"Usinitanie, binti. Nimezifungua mamia hizi."

Redio ya asili ya gari lile ingekaa nusu dakika ikipata joto kabla ya kutoa sauti. Zamani Des angejua si ya asili hata akiwa nje na mlango umefungwa. Glenys, aliyekuwa kiti cha nyuma, aligeuza uso akatazama ukuta wa reli, ambako hakuna cha kutazama.

Waliporudi kutoka matembezini, Des alishuka akanipa mkono kwa heshima. "Na wewe, ndugu yangu, ni fundi hapa?"

"Ndiyo. Rangi."

"Kazi nzuri," akasema. "Mwenye banda hili ni mtu mwema?"

Nikamwambia ni mtu mwema sana.

Glenys alimfunga mkanda kwenye gari lao, akafunga mlango, akanirudia. "Afadhali nisingemleta," alisema. "Tusifanye tena, Bal." Nikakubali, na sikumwona tena Des bandani kwetu. Pazia la turubai nimeliacha lilipo. Upande wa pili Glenys amempangisha mtu wa magodoro, ambaye hana maneno mengi.