Mpangaji Aliyepita Bila Salamu

Kwa miaka kumi na minne mpangaji wa chumba cha juu ameishi kwa kuendesha baiskeli za mashindano. Kazi yake ni kuwabebea wenzake maji na kuwakinga upepo. Yeye mwenyewe alikuwa hajashinda hata mara moja. Vidole vyake havitakati grisi ya mnyororo. Wali hula amesimama, kana kwamba kiti kitamchelewesha, na kila apitapo mbele ya duka la tofu, jibini la soya, lililo chini ya chumba chake, hata akiwa mbioni, huinamisha kichwa kumsalimu mwenye nyumba, mjane Hatsushiba. Ndiyo maana siku mashindano yalipopita mtaani kwao mjane alisimama mlangoni kwa hofu. Mpangaji wake alikuwa akipanda kilima mbele ya wote, wawili wakimkaribia nyuma, na zimebaki mita mia tatu tu kufika kileleni, mwisho wa mbio.

"Mama, huyo wako akiinama tu, wanamla!" kinyozi jirani alimtania.

Watu wa ukoo wa Hatsushiba hawapigi kelele barabarani. Mjane alipiga. "Usinisalimie! Kanyaga, mwanangu, kanyaga!"

Akapita kichwa juu, ulimi nje, bila hata kumtupia jicho, na kipaza sauti cha kileleni kikamtangaza wa kwanza. Baada ya nusu saa alirudi, shada la maua shingoni, akashuka mbele ya duka na kuinama mpaka maua yakagusa lami.

"Samahani sana, Mama. Nimepita mlangoni kwako bila salamu."

"Nimeona," alisema mjane, kwa sauti ya kumfikia kinyozi. "Usirudie."