Mistari kwenye Ndege ya Komanda

Anouar alirithi duka la saa la marehemu baba yake katika mtaa wa Quartier Asiatique, na maringo ya kazi akayaongeza mwenyewe. Ukimpelekea pete akuchongee jina, ataichonga mpaka ushangae, lakini utaipata siku akitaka yeye. Kuna bwana arusi mmoja aliyeoa kwa pete ya kuazima kwa sababu Anouar hakuridhika na mkia wa herufi moja. Watu walicheka, wakamsamehe. Nadhani walikosea kumsamehe.

Mwaka ule wa vita, nchi jirani zilipotuwekea vikwazo, guruneti ilirushwa barabarani karibu na duka. Kipande cha chuma kikaingia jicho la kushoto la binti yake, Houda, msichana wa miaka kumi na tisa. Daktari hakuficha kitu. Jicho hilo limekwisha, alisema, na kipande kisipotolewa Nairobi ndani ya mwezi mmoja, hata la kulia litafuata.

Ndege za abiria zilikuwa zimesimama. Zilibaki za misaada tu, na nafasi ndani yake ilihitaji kibali cha Komanda Marcellin, mwanajeshi aliyesimamia uwanja wa ndege. Komanda hakuomba chochote ila kazi ya mkono. Alileta boksi lenye ndege ndogo ya plastiki ya kuunganisha vipande, ya kupamba nyumba, iliyoachwa na Mzungu mmoja aliyekimbia vita.

"Ona hii mistari ya kuungia mabati, imetoka inje," alisema. "Kwa ndege ya kweli inaingia ndani. Unichongee yote upya, mutoto wako atapanda. Karatasi iko hapa, nimeshasaini." Akapigapiga mfuko wa shati. Anouar hakuomba kuiona.

Alisugua mistari ile ya zamani kwa msasa mpaka plastiki ikawa laini kabisa. Akanoa sindano, akaitia mpini wa mti, akaweka kipande cha bati kama rula na kuanza kuvuta. Hakukandamiza. Alivuta taratibu, mara nne, mara tano palepale, kisha akapuliza vumbi na kutazama kwa kioo chake cha kukuzia, kile cha kutengenezea saa. Alisahau kula. Houda alipolia kwa maumivu chumba cha pili, alimwomba apunguze sauti, mkono usije ukatetemeka.

Siku ya kumi Komanda alikuja, akaigeuza ndege huku na huku.

"Iko bien. Nachukua leo."

Houda, jicho limefungwa bendeji, alikuwa ameshachukua kibegi chake. Na hapo ndipo Anouar, baba mzima mwenye akili zake, alipofungua kinywa.

"Apana, mon commandant. Angalia hapa kwa bawa. Huu mustari umepinda."

Komanda aliangalia kwa kioo, asione kitu. Akamtazama Anouar, akamtazama Houda, kisha akatabasamu kama mtu aliyepewa zawadi asiyoitarajia.

"Endelea tu, fundi. Mi sina haraka."

"Baba, we uko na wazimu?" Houda alisema walipobaki wawili. "Alisema iko sawa!"

"Akija kuona kosa nyumbani kwake, atakasirika. Karatasi ataipasua. Nafanya hii kwa ajili yako, binti yangu."

Aliyaamini maneno yake mwenyewe, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Alijaza mstari ule kwa gundi iliyochanganywa na unga wa plastiki, akangoja ukauke, akachonga upya. Safari hii sindano iliteleza tumboni mwa ndege. Akajaza, akangoja, akachonga. Komanda alipita wiki ya tatu, akasifu, akauliza kwa upole kama bado kuna kasoro. Ilikuwepo moja, kwenye mkia. Houda alipiga magoti mbele ya baba yake. Anouar alimwambia ainuke, anamzibia mwanga.

Siku ya thelathini na mbili ndege ilikamilika, imepakwa rangi ya fedha, kila mstari mwembamba kama unywele na umenyooka. Komanda aliikubali, akatoa karatasi mfukoni na kuiweka mezani. Ilikuwa ya kweli, na jina la Houda limeandikwa vizuri, na muhuri juu yake. Ilikuwa ya siku thelathini.

"Imekwisha juzi," Komanda alisema. "Uombe ingine. Miezi mitatu, mine, sijui. Si we mwenyewe ulitaka wakati?"

Houda alimgeukia baba yake kwa jicho lililobaki. Alingoja alie, atukane, amshike Komanda miguu, afanye lolote. Lakini macho ya Anouar yalikuwa kwenye mkono wa Komanda, ulioinua ndege na kuminya bawa kwa kidole gumba.

"Ushike kwa chini, mon commandant," alisema. "Rangi haijakauka."

Ramadhani iliingia kibali kipya kikiwa hakijatoka, na Houda hakuona tena. Wageni wanaokuja kumjulia hali humuuliza ni nini kilichompofusha, naye hataji guruneti.